Stefano Moshi wa Kotela: Maisha Yake na Deni Letu kwa Vijana



Kila mwaka, kabla ya harambee ya Desemba, huwa tunatenga kurasa chache kumkumbuka mmoja wa waliotutangulia. Mwaka huu michango yetu inaelekezwa kwenye jambo moja: kuwasaidia vijana wa vijiji vyetu wanaotaka kusomea udaktari, uuguzi, maabara na utafiti wa tiba. Huenda wengi mlitegemea tuandike habari za daktari. Tumemchagua mtu ambaye hakuwahi kushika sindano wala kuandika cheti cha dawa. Alikuwa mwalimu, kisha mchungaji, kisha askofu. Lakini kila mgonjwa wa mlimani anayepewa rufaa kwenda KCMC leo anapita katika lango ambalo yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza waliolitafuta.

Huyo ni Askofu Stefano Reuben Moshi. Wanachama wetu ni wa madhehebu mbalimbali, na chama hiki si cha kanisa lolote. Tunamwandika kama mtoto wa mlimani aliyeona mbali, na kama mtu ambaye kazi yake bado haijakamilika.

MTOTO WA KOTELA

Stefano Moshi alizaliwa mwaka 1906 Kotela, Mamba, kati ya migomba na mifereji ambayo wengi wetu tunaijua. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Machame mwaka 1893, na Mamba ilipata kituo chake muda mfupi baadaye. Kwa hiyo alizaliwa wakati shule ilikuwa bado kitu kigeni kwa wazee wengi. Mtoto aliyekwenda shule alionekana kama mtoto aliyepungua katika kazi za kihamba. Nani akate majani ya ng'ombe? Nani asimamie zamu ya maji ya mfereji? Wazazi waliomwachia mtoto aende darasani walikuwa wanatoa mchango mkubwa, hata kama hakuna aliyeuandika kwenye daftari.

Alikuwa bado mtoto Vita Kuu ya Kwanza ilipofika mlimani mwaka 1916 na utawala wa Wajerumani ukaondoka. Waingereza waliwarudisha wamisionari kwao, na kwa miaka kadhaa shule na sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji. Kizazi chake kilikua kikiona jambo ambalo wakubwa wengi wa serikali ya kikoloni hawakutaka kulikubali: mgeni akiondoka, kazi inaweza kuendelea, ilimradi kuna mwenyeji aliyefundishwa.

MWALIMU

Stefano alisomea ualimu Marangu, katika chuo ambacho kimetoa walimu wa mlima huu kwa zaidi ya miaka mia moja, akafundisha kwa miaka mingi. Sehemu hii ya maisha yake huwa inapitwa haraka watu wanapozungumzia uaskofu wake. Sisi tunaona ndiyo sehemu inayoeleza yote yaliyofuata.

Mwalimu wa siku zile hakuwa na mshahara wa kutamba. Alikuwa na ubao, chaki chache na darasa lenye watoto wa umri tofauti. Alichojifunza hapo ni hesabu ndogo ambayo kila mwalimu anaijua: jengo la shule bila mwalimu ni banda, na mwalimu mzuri chini ya mti tayari ni shule.

Vita vya Pili vilipoanza, historia ilijirudia. Wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na wageni wachache kutoka Marekani na Sweden wakaja kusaidia, lakini hawakutosha kwa kazi yote. Uzito mkubwa ukawaangukia tena walimu na wachungaji wenyeji. Stefano Moshi alikuwa mmoja wa waliokomaa katika miaka hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alibarikiwa kuwa mchungaji.

UONGOZI

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichaguliwa kuliongoza Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1960 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo leo tunaliita KKKT, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Aliliongoza mpaka alipofariki mwaka 1976.

Hebu tuangalie hali ya tiba nchini wakati anashika uongozi. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mara nyingi ni kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari wenyeji 12 tu. Ni 12 kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 9! Aliyetaka udaktari alikuwa anakwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilikuwa bado haijafunguliwa. Ilianza mwaka 1963.

Mlimani kwetu hatukuwa watupu. Kulikuwa na hospitali ya serikali ya Mawenzi mjini, hospitali ya Machame, na Kibong'oto iliyokuwa ikipokea wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Masista na mapadre nao walikuwa na huduma zao Kilema na Kibosho. Lakini ugonjwa mzito ulipozidi uwezo wa hospitali hizo, safari ilikuwa ndefu. Mgonjwa alitolewa kijijini kwa machela hadi barabarani, halafu ndugu wakaanza kutafuta namna ya kumpeleka Dar es Salaam au Nairobi. Wenye fedha walifika. Wasio na fedha walirudi nyumbani kungoja.

KITUO CHINI YA MLIMA

Ndipo likaja wazo la hospitali kubwa ya rufaa kwa kanda yote ya kaskazini. Makanisa yaliungana katika taasisi iliyopewa jina la Msamaria Mwema, na Askofu Moshi akawa miongoni mwa waasisi na viongozi wake. Fedha zilitafutwa kwa makanisa na wahisani wa Ulaya na Marekani. Kazi ya kupanga, kuomba, kuandika barua, kukubaliana na serikali na kujenga ilichukua sehemu kubwa ya miaka ya 1960. Machi 1971, Kilimanjaro Christian Medical Centre, yaani KCMC, ilifunguliwa mjini Moshi.

Sisi tunaoshughulika na daftari za fedha tunapenda kusimama kidogo kwenye jina la Msamaria Mwema. Wengi wanakumbuka kwamba Msamaria alimfunga majeruhi vidonda na kumpandisha juu ya mnyama wake. Wachache wanakumbuka sehemu ya fedha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari 2, akaahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa akirudi. Kwa lugha ya hesabu, alilipa taslimu na akaacha ahadi ya gharama za mbele. Kujenga hospitali ni zile dinari 2. Kuiendesha, kizazi baada ya kizazi, ni ile ahadi.

Na inaonekana waasisi wa KCMC walilijua hilo. Hawakuita mahali pale hospitali tu. Waliita kituo cha tiba, kwa sababu kilikusudiwa kutibu na kufundisha pamoja. Jambo lingine linaloonyesha moyo wao ni hili: baada ya kujenga kwa jasho la miaka mingi, waliiacha serikali iendeshe, katika miaka ambayo taifa lilikuwa linajenga huduma za wote. Msamaria Mwema walirudishiwa uendeshaji mwaka 1992. Mtu anayejenga kwa ajili ya jina lake hakabidhi funguo kirahisi namna hiyo.

Askofu Moshi aliishi miaka 5 tu baada ya kufunguliwa kwa kituo. Alipofariki mwaka 1976, majengo yalikuwa yamesimama, lakini chuo cha udaktari kilikuwa bado. Hicho kilikuja mwaka 1997, miaka 21 baada ya kifo chake.

MATUNDA ALIYOYAPANDA NA HAKUYAONA

Tangu hapo kituo kimekuwa kama mgomba: shina moja, machipukizi mengi. Mwaka 1981 kilianza chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, ambacho kimewapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1992 kikaanza kituo cha kanda cha kufundisha tiba ya ngozi, kinachojulikana sana kwa huduma zake kwa ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka 1997 ndiyo chuo cha udaktari. Baadaye ikaja taasisi ya utafiti wa tiba, KCRI, yenye maabara zake na watafiti wake. Na ikumbukwe kwamba katika ule utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria ya RTS,S uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, Korogwe ilikuwa moja ya vituo, na KCMC ilishiriki pamoja na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto mwaka 2021.

Hapa tunaomba wasomaji, hasa vijana, mtulie kidogo, kwa sababu wengi wakisikia neno utafiti wanafikiria karatasi na semina. Tutoe mfano mmoja wa hapa hapa Moshi.

Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa KCMC na Mawenzi wakiwa na homa. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa hapa kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani na wengine. Kati ya wagonjwa hao, 528 waliandikiwa kwamba wana malaria. Hiyo ni zaidi ya nusu. Damu zao zilipochunguzwa kwa vipimo vya uhakika, waliokuwa wanaumwa malaria kweli walikuwa 14 tu.

Kumi na nne! Wengine walikuwa na nini? Baadhi walikuwa na vimelea vingine ndani ya damu. Na kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya kutupa mimba, homa ya Q, magonjwa yanayoletwa na kupe, na ule unaoenezwa na mkojo wa panya na mifugo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Sasa tujiulize sisi watu wa mlimani. Nani asiyefuga ng'ombe au mbuzi pembeni ya nyumba? Nani hajasaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu? Nani hajanywa maziwa yasiyochemka vizuri? Mama yako akilazwa kwa homa akapewa dawa ya malaria wakati ugonjwa umetoka bandani, dawa hiyo haitamsaidia hata kama ni ya bei ghali. Utafiti ule ulionyesha jambo ambalo macho peke yake yasingeliona. Ndiyo kazi ya mtafiti wa tiba: kuhakikisha kwamba daktari anatibu ugonjwa uliopo, si ugonjwa uliozoeleka.

Na kazi hiyo inamhitaji mwenyeji. Atakayemuuliza bibi wa miaka themanini maswali kuhusu banda lake, kwa Kichagga, bila kumwaibisha, ni mjukuu wa mlimani. Atakayemweleza mzazi kwa nini damu ya mtoto inachukuliwa, itapelekwa wapi na ana haki gani ya kukataa, ni mtu anayeaminika kijijini. Tiba bora na uaminifu haviwezi kuagizwa vyote kutoka nje.

TUNAPOSIMAMA LEO

KCMC iko mwendo mfupi kutoka kwetu. Tunaifahamu vizuri kama wagonjwa na kama watu wa kumtazama mgonjwa. Tunajua saa za kuona wagonjwa, tunajua dirisha la malipo, tunajua benchi la kusubiri. Swali la kamati yenu mwaka huu ni hili: ni watoto wangapi wa vijiji vyetu wanaoijua kutoka upande wa pili wa dirisha?

Wapo, na tunawaheshimu sana. Lakini ni wachache, na ukitazama wanatoka wapi utaona mfano unaojirudia. Wengi ni watoto wa watu waliokwisha kusoma, waliolelewa mjini. Mtoto aliyekulia kijijini, hasa binti, hasa yule wa ukanda wa chini ambako mvua ni haba na kihamba hakitoshi, ni nadra kufika. Si kwamba hana akili. Njia ni ndefu na ina mashimo mengi, na kila shimo linawaangusha wachache.

Zamani kahawa iliyaziba mashimo hayo. Tangu KNCU ianze mwaka 1933, familia nyingi zililipia shule kwa fedha ya kahawa, na wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo tulisomeshwa na mibuni ya baba na mikono ya mama. Leo mibuni imezeeka na mingine imeng'olewa. Ni kweli serikali imefuta ada hadi kidato cha sita katika shule zake, na Bodi ya Mikopo inawasaidia wengi chuoni. Tunashukuru. Lakini ada ni mstari mmoja tu kwenye bajeti.

Tuipitie njia yenyewe. Anayetaka udaktari anahitaji kufaulu fizikia, kemia na biolojia kidato cha sita. Ili afike huko lazima avipende akiwa bado kidato cha kwanza, na shule nyingi za kata zina chumba cha maabara kuliko vifaa vya maabara. Akichaguliwa chuo, shahada ya udaktari ni miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Hiyo ni miaka 6 kabla ya kuanza kusimama mwenyewe, na mtafiti anaongeza mingine juu yake. Njia nyingine ni fupi na zina heshima ile ile: tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, mtunza takwimu za utafiti. Bila hao daktari hafanyi kazi.

Tumeshuhudia kijana mwenye alama nzuri akiacha nafasi kwa sababu ya nauli na fedha ya kujikimu ya miezi ya kwanza, kabla mkopo haujaingia. Kiasi kilichomrudisha nyumbani ni kile ambacho baadhi yetu tunakitumia kwa sherehe moja ya Krismasi.

DENI LETU

Kwa hiyo tunawaombeni mambo matatu.

La kwanza, tuchangie vifaa vya maabara na masomo ya likizo kwa wanafunzi wa sayansi katika sekondari zetu, kuanzia kidato cha kwanza, mabinti wakipewa nafasi sawa na wavulana.

La pili, tuanzishe mfuko wa wanaochaguliwa vyuo vya afya, kwa ajili ya nauli, vifaa na miezi ile ya kwanza. Tunaomba ahadi ya miaka mingi kuliko mchango wa siku moja. Anayeahidi kidogo kwa miaka 6 anamfikisha mtoto mwisho wa safari. Anayetoa kingi mara moja anaweza kumwacha njiani. Hesabu za mfuko huu zitasomwa mbele ya wanachama kila Desemba, shilingi kwa shilingi.

La tatu halihitaji fedha. Wanachama wetu walio madaktari, wauguzi, watu wa maabara na watafiti, mkija nyumbani Krismasi hii, tengeni asubuhi moja muende sekondari ya kijijini kwenu. Waonyesheni watoto mnafanya nini. Mtoto hawezi kutamani kazi ambayo hajawahi kumwona mtu wa kwao akiifanya.

Na ninyi vijana, msisubiri mpaka mwaliko ukamilike. Stefano Moshi alizaliwa Kotela wakati hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa Mamba angeongoza kanisa la nchi nzima. Alianza na chaki. Ninyi mnaanza na kitabu cha biolojia, na kituo kikubwa cha tiba tayari kipo chini ya mlima wenu.

Kumbukumbu zake ni nyingi. Kuna chuo kikuu kishiriki chenye jina lake hapa Moshi, na kanisa linamkumbuka kwa namna yake. Kwetu sisi, kumbukumbu inayomfaa mwalimu ni wanafunzi. Ahadi ya gharama za mbele iliyoachwa na waliojenga KCMC imefika mikononi mwetu, na ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki una fomu ya kuijaza. Tafadhali andika jina lako, kiasi, na idadi ya miaka.

Karibuni sana nyumbani. Tuonane kwenye harambee.

Kamati ya Fedha na Elimu